Barua ya kubadili mkopo wa VA: uliza miaka, si malipo ya mwezi tu

Wateja wetu wengi ni Waswahili waliotumikia jeshi la Marekani wakanunua nyumba kwa mkopo wa VA (wizara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wa zamani), na kila riba inaposhuka wanatuletea bahasha zilezile. Juu pana mchoro wa tai na neno "haraka" kwa wino mwekundu, na jina la benki inayowadai limechapwa kana kwamba barua imetoka huko. Ndani kuna ahadi tatu: riba ya chini, miezi miwili bila kulipa, na hundi ya kurudishiwa pesa. Mtu anaiweka mezani na kuuliza, "Hii ni kweli au ni utapeli?"

Mpango wenyewe ni wa kweli. Barua ndiyo ya kuchunguza. Mnamo Novemba 2017 VA, pamoja na shirika la serikali linalolinda watumiaji wa huduma za fedha, zilitoa onyo kwa wanajeshi na waliostaafu kuhusu matangazo ya aina hii, na ahadi hizo zilikuwa miongoni mwa zilizotajwa.

Tuanze na mpango. VA haikukopeshi. Tangu sheria ya mwaka 1944, kazi yake ni kumdhamini mwanajeshi kwa mkopeshaji. Anayedaiwa mkopo wa VA anaweza kuubadilisha kwa mkopo mwingine wa VA wenye riba ndogo kupitia njia fupi ambayo maofisa wa mikopo huiita IRRRL. Ufupi wake ni huu: VA kwa kawaida haidai nyumba ithaminiwe upya, wala haidai uchunguzi kamili wa kipato chako kama siku ulipokuwa unanunua. Mkopeshaji anaweza kujiwekea masharti yake ya ziada, ndiyo maana mmoja anakukataa na wa pili anakukubali. Hulazimiki kubaki na yule wa sasa.

Ada ya VA kwenye njia hii ni asilimia 0.5 ya mkopo. Ukiwa unalipwa fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi, huilipi kabisa. Tafadhali litaje hilo mapema, maana tumeona makadirio ya gharama yenye ada hiyo kwa mtu aliyesamehewa.

Sheria ya mwaka 2018 iliongeza kinga ambazo kila mteja anapaswa kuzijua. Mkopo wa sasa lazima uwe umelipiwa angalau miezi sita, na ziwe zimepita siku 210 tangu tarehe ya malipo ya kwanza. Ukitoka riba isiyobadilika kwenda riba isiyobadilika, mpya iwe chini kwa angalau nusu asilimia. Tena gharama za kubadilisha zirudi ndani ya miezi 36 kutokana na unachookoa kwenye malipo.

Kinga hizo ni nzuri, lakini zote zinatazama mwanzo wa mkopo. Mwisho wake hauangaliwi na mtu, na hapo ndipo tunapoona watu wetu wakiumia.

Chukua mfano. Ulikopa dola 300,000 kwa miaka 30, riba asilimia 7. Kila mwezi unalipa takriban dola 1,996 bila kuhesabu kodi na bima. Umelipa miaka mitano, umebakiza deni la dola 282,395 hivi na miaka 25. Anakuja mtu na riba ya asilimia 6.25, malipo dola 1,739. Unaokoa dola 257 kila mwezi! Nani atakataa? Ila amekurudisha kwenye miaka 30. Jumlisha malipo yote yaliyobaki kwa mkopo wa zamani, ni kama dola 598,800. Jumlisha ya mkopo mpya, ni kama dola 626,000. Riba imeshuka, na bado utalipa dola 27,000 zaidi, achilia mbali ada.

Sasa chukua riba ileile ya 6.25, lakini omba miaka 25 uliyobakiza. Malipo yanakuwa dola 1,863 hivi. Nafuu ya mwezi ni dola 133, haipendezi kama 257, lakini mpaka deni liishe umeokoa karibu dola 40,000. Ada hazijatolewa humo, ila hata ukizitoa tofauti inabaki kubwa. Kipindi cha mkopo ni jambo la kuombwa. Usipotamka, utaandikiwa 30.

Hatusemi miaka 30 ni makosa daima. Aliyepunguziwa saa za kazi, au anayesomesha watoto wawili chuo kwa pamoja, huenda anahitaji zile dola 257 mwezi huu kuliko kitu kingine. Achague hivyo akijua bei yake.

Na ile miezi miwili bila kulipa? Riba ya mkopo wa nyumba hulipwa nyuma: malipo ya Juni ni riba ya Mei. Unapobadilisha, riba ya siku hizo huingizwa kwenye hesabu ya kufunga deni la zamani au kwenye gharama za mkopo mpya. Hakuna aliyekusamehe. Hundi nayo, mara nyingi, ni pesa yako mwenyewe iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya kodi na bima, na mkopeshaji mpya atakutaka ujaze akiba nyingine ya namna hiyo. Njia hii si ya kutoa pesa kwenye nyumba.

Mambo mawili tunaulizwa kwa wasiwasi. La kwanza, aliyehamishwa kikazi, tuseme kutoka San Diego kwenda Norfolk, akapangisha nyumba yake: anastahili bado, mradi athibitishe kwamba aliwahi kuishi humo. La pili, mjane. Mama, kama jina lako lipo kwenye mkopo pamoja na la marehemu na hujaolewa tena, mlango huu haujafungwa kwako. Usikubali kuambiwa uuze nyumba kabla hilo halijaangaliwa.

Ukija ofisini, leta taarifa ya mkopo ya mwezi uliopita, hati ya mkopo uliyosaini siku ya kununua, na barua ya fidia kama unayo. Kama umeshaomba kwa mkopeshaji mwingine, lete na makadirio ya gharama, ambayo sheria inamtaka akupe ndani ya siku tatu za kazi. Tutakuandikia hesabu mbili kwenye karatasi moja, ya miaka 30 na ya miaka uliyobakiza, uende nazo nyumbani mzisome na mwenzio kabla hujasaini chochote.