Barua kwa mdogo wangu: tulikushika ulipotaka kuachiwa

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Uyole, hapa Mbeya, ambako baridi ya mwezi huu wa saba inatuingiza ndani kabla jua halijazama. Ningeweza kukupigia simu, lakini ninayotaka kuyasema yanawahusu pia wale tuliokuwa nao siku ile, na wengi wao husoma hapa. Kwa hiyo nimeamua kukuandikia barua ya wazi, bila kulitaja jina lako, ili kila mmoja wetu aisome kwa nafasi yake.

Unaikumbuka safari ya treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, tulipokuwa tukirudi kutoka msibani Dar es Salaam. Tulikuwa sita, wote wa ukoo mmoja, katika chumba cha daraja la pili, vitanda vitatu upande huu na vitatu upande ule. Tulipoiacha Mlimba na kuanza kupanda kuelekea Makambako, mahandaki yakaanza. Waliojenga reli ile kati ya mwaka 1970 na 1975 hawakuwa na namna nyingine, kwa kuwa kipande kile ni makorongo na miinuko mitupu, na mahali ambapo mlima haukuzungukika ilibidi utobolewe. Sisi wengine tulifurahia. Wewe, katika handaki la kwanza ulinyamaza, katika la pili ukasimama, katika la tatu ukaomba mlango ufunguliwe. Mlangoni tulikuwa tumerundika mabegi na gunia la nazi, tukakuambia usubiri. Ukaanza kutweta, jasho likakutoka, ukasema unakufa. Hapo ndipo tulipokushika. Mama mdogo alikukamata mkono wa kulia akikemea mapepo, binamu yetu akakamata wa kushoto, nami dada yako nikakukumbatia kwa nyuma kwa nguvu zangu zote, nikikuamuru utulie. Kadiri ulivyopiga kelele, ndivyo tulivyozidi kukukaza. Kila handaki lilikuzunguka kwa muda mfupi, kisha likakuachia. Sisi tulikushika hadi Makambako.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ile nilikuokoa. Nilianza kutilia shaka jambo hilo nilipoona maisha yako yanavyopungua: daladala umeziacha na unapanda bodaboda hata mvua ikinyesha, kanisani unasimama karibu na mlango, na chooni hufungi komeo. Ndipo nikaanza kusoma. Wataalamu huiita hali hii klaustrofobia, yaani hofu ya mahali palipofungwa, na mwaka 1993 watafiti wawili wa saikolojia, Stanley Rachman na Steven Taylor, walieleza kwamba ndani yake mna hofu mbili zinazokwenda pamoja: hofu ya kukosa pumzi na hofu ya kuzuiliwa usiweze kujongea wala kutoka. Niliposoma habari ya hofu ile ya pili, niliiona mikono yangu mwenyewe ikiwa imefumbatana kifuani pako. Nisamehe, mdogo wangu. Uliomba mlango, nasi tukakuongezea kuta.

Mama mdogo, shikamoo. Najua unasoma. Sala zako sizilaumu, na nina hakika ulimpenda mtoto wako kwa kila neno ulilolitamka. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu ya namna ile anahitaji nafasi, sauti ya chini, na mtu mmoja anayemwonyesha njia ya kutokea. Kumwambia ana pepo kunamwachia aibu ambayo ataibeba hata baada ya hofu yenyewe kupita.

Nikurudie wewe. Ulisema unakufa, na sikukuamini kwamba ndivyo ulivyohisi. Sasa naelewa. Mtu anapoogopa sana, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana: moyo hupiga mbio na pumzi huwa za haraka na fupi. Pumzi zikizidi mahitaji ya mwili, hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua katika damu, na upungufu huo ndio unaoleta kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na kifua kubana, hata mtu akadhani hewa imekwisha, ilhali oksijeni anayo ya kutosha. Hofu hiyo hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha huanza kushuka yenyewe. Tatizo ni kwamba wewe huondoka kabla haijashuka, na nafuu unayoipata mlangoni inaufundisha mwili kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, hivyo safari inayofuata unaogopa mapema zaidi.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo ulikuwa sahihi kuliko sisi sote, na halikupewa heshima yake. Kila msimu wa baridi unagombana na watu wa nyumbani kwa sababu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, nao wanakucheka kuwa ni woga wako ule ule. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Katika handaki hewa ilikuwepo. Katika chumba chenye jiko, dirisha lazima lifunguliwe. Naomba watu wote wa nyumbani wakusikilize katika hili bila mzaha.

Sasa daktari ameandika upigwe kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, kwa ajili ya mgongo wako, na umeahirisha mara mbili. Nimeuliza na nimesoma, ili nikuambie mambo yalivyo bila kukudanganya. Mashine hiyo ni kama bomba fupi lililo wazi pande zote mbili, na upana wake wa ndani kwa kawaida ni sentimita 60 au 70. Hugonga kwa kelele nyingi, ndiyo maana mgonjwa huzibwa masikio, na kipimo huweza kuchukua kama dakika 20 hadi saa nzima au zaidi, nawe unatakiwa usijitikise. Hayo ndiyo magumu. Lakini mkononi hupewa kipira cha kubonyeza ukitaka kutolewa, na mtaalamu huzungumza nawe kwa kipaza sauti. Unaweza kuomba kuiona mashine kabla ya siku yako, kuuliza kama inawezekana uingie kwa kutanguliza miguu, na kumweleza daktari mapema ili aamue kama dawa ya kutuliza hofu inakufaa.

Kuna mtu katika ukoo wetu aliyependekeza tukutilie dawa ya usingizi kwenye chai bila kukuambia. Nilikataa mbele yake na ninakataa hapa tena. Ni hatari kwa afya yako, na ni kukushika mara ya pili.

Mimi naona njia nyingine. Joseph Wolpe, daktari wa akili mzaliwa wa Afrika Kusini, alieleza mwaka 1958 namna ya kumzoesha mtu hofu yake ngazi kwa ngazi, akianza na ndogo kabisa mwili ukiwa umetulia, wala hapandi ya pili kabla ya kwanza haijawa nyepesi. Wataalamu wa saikolojia bado wanautumia utaratibu wa kumzoesha mtu hatua kwa hatua, na inafaa tumtafute mmoja atusimamie. Wakati tunamtafuta, njoo kwangu. Tuanze na chumba cha uani, mlango ukiwa umerudishwa tu, kisha umefungwa kwa dakika moja, kisha mbili, wewe ukiwa ndani na mimi nikiwa nje, au mimi nikiwa mbali kabisa, utakavyo wewe. Baadaye tutapanda daladala kutoka Uyole, kiti cha mlangoni kwanza, na ukisema tushuke tutashuka, hata kama hatujafika Mwanjelwa.

Ufunguo wa chumba hicho upo mmoja tu. Nimeuacha kwa mama, uuchukue mwenyewe ukiwa tayari.

Dada yako