Usiruke ule mziki wa mwanzo

Zuu shosti, mambo vipi, mama hajambo?

Nimeona meseji yako eti ile muvi ya Lawrence of Arabia niliyokutumia ni mbovu, skrini nyeusi tupu mziki tu unapiga, ukasogeza mbele mpaka ulipoona mtu. Jamani Zuu, si mbovu! Ndivyo ilivyotoka 1962. Hiyo ndo ovacha yenyewe, yaani mziki wa kufungulia muvi, na ni zaidi ya dakika nne, nakuomba urudi mwanzo kabisa uisikilize yote, ila kwanza nikueleze.

Zile muvi kubwa za enzi hizo walikuwa wanazionyesha kwa heshima zake, tiketi ina namba ya siti, katikati kuna mapumziko, na kabla haijaanza mziki unapigwa pazia likiwa bado limefungwa. Watu wanaingia, wanatafuta siti, wanapiga stori, taa zinapungua taratibu na wenyewe wananyamaza kidogo kidogo. Sasa hilo giza unaloliona kwenye laptop yako ndo lile pazia. Hakuna kilichokatwa hapo.

Halafu sikiliza Maurice Jarre, mtunzi wa mziki wa hii muvi, anavyofanya. Anafungua na mangoma makubwa ya orkesta, unashtuka, ndo baadaye ule wimbo wa jangwani unaingia na vayolini. Unausikia gizani, hujaona hata chembe ya mchanga. Baadaye sana, Lawrence anapuliza njiti ya kiberiti na hapohapo jua linachomoza jangwani, na wimbo unarudi, na wewe ulishaujua tayari, mwili wenyewe unasisimka. Aliyeruka mwanzo anaona tu picha nzuri. Mimi hapo ndo napoumia watu wakiniambia ovacha ni kupoteza muda, kwa sababu wanachoruka ni kile kitakachowaliza mbele.

Na majina ya waigizaji na waliotengeneza muvi nayo usiyaruke. Kamera iko juu kabisa inamwangalia Lawrence anaandaa pikipiki yake, majina yanapita pembeni, ametulia zake wala hana haraka, kumbe ndo pikipiki itakayomuua muda si mrefu.

Ukimaliza hiyo nakutumia Vertigo ya Hitchcock, ya 1958. Haina ovacha ya gizani ila mwanzo wake sijaona mfano. Uso wa mwanamke, kamera iko karibu mno mpaka unaona midomo tu, halafu inapanda hadi kwenye jicho, uso unageuka mwekundu, na ndani ya mboni linatoka jina la muvi halafu mizunguko inaanza kuzunguka, ya rangi tofauti, mmoja baada ya mwingine. Aliyebuni majina ni Saul Bass, mizunguko ni ya John Whitney, na mziki wa Bernard Herrmann unapanda na kushuka kwa wakati mmoja, kizunguzungu unakipata umekaa kwenye kochi. Hakuna mtu kasema neno na tayari unajua yule mwanaume wa kwenye muvi ataumwa na kichwa chake.

West Side Story ya 1961 nayo Bass huyohuyo: mistari mistari imesimama wima, nyuma yake rangi zinabadilika kufuata mziki wa mtunzi Leonard Bernstein, unajiuliza hivi vijiti ni vya nini, mpaka mwisho picha inatokea na kumbe ni maghorofa ya Manhattan. Majina yenyewe kayaweka mwisho, yameandikwa kwenye kuta na milango na vibao vya barabarani, yaani mitaa ileile ambayo magenge ya vijana kwenye muvi yalikuwa yanaigombania.

Ila muvi ya Kubrick, 2001: A Space Odyssey, sikutumii kwanza, inaanza na mziki wa mtunzi Ligeti gizani bila mapigo yoyote, orkesta nzima inavuma kama mzinga wa nyuki, utanipigia simu tena kuniambia ni mbovu!

Najua tumekulia kwenye muvi za kutafsiriwa, DJ anaanza kujitambulisha palepale majina yanapotoka, kwa hiyo mziki wa mwanzo hatukuwahi kuusikia vizuri. Nawapenda wale jamaa, ila hapo walitunyima kitu.

Basi leo usiku weka hedifoni, zima taa, simu weka mbali, anza sifuri. Na ikifika katikati yale mapumziko usiyaruke pia, kuna mziki mwingine, nenda kachemshe chai huku unausikiliza. Kesho niambie ule wimbo umeutambua wapi.

Wako,
Rehema