Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: mitambo ya vijito iingie gridi bila betri

Mheshimiwa Waziri,

Nguzo za umeme zimefika vijiji vingi vya Njombe, Ruvuma na Rukwa, na baadhi vina vijito ambavyo vimezungusha mitambo midogo tangu kabla ya LUKU, mita za umeme wa kulipia kabla. Mitambo hiyo isiachwe ikaota kutu. Tunaomba wizara itoe mwongozo wa kuiunga na gridi moja kwa moja, bila betri, unaosema wazi mkaguzi aangalie nini.

Kijito cha lita 50 kwa sekunde kinachoshuka mita 40 hutoa kama kilowati 12, upotevu ukishatolewa. Jenereta yake ni mota ya kawaida ya fezi tatu, kilowati 15, poli nne. Turbini ikiisukuma ipite mizunguko 1,500 kwa dakika, tuseme 1,540, inarudisha umeme kwenye laini, na gridi yenyewe ndiyo inayoshika hezi 50. Kontakta, yaani swichi ya sumaku inayounga mota na gridi, ifungwe mota ikishakaribia 1,500. Ikifungwa mota ikiwa imesimama, mota huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida na taa za majirani hufifia.

Mafundi wa laini wana haki ya kuogopa waya unaolishwa kwa nyuma wakati umeme umekatwa. Gridi ikikatika, mota isiyo na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) hupoteza usumaku na kunyamaza. Zikiwepo kapasita za kutosha karibu nayo, hujichochea yenyewe na volteji yaweza kupanda vibaya. Ukaguzi uwe mkali zaidi kwenye laini ya fezi moja, maana huko mota ya fezi tatu haiendi sawa bila kapasita. Relei ya volteji na hezi, kifaa kinachotenganisha mota na laini vipimo hivyo vikienda kombo, ikate ndani ya sekunde 2. Swichi ya kufuli iwe nje, fundi aifikie bila kupiga hodi.

Mzigo ukitoka ghafla, kama gridi inapokatika, gurudumu la Pelton (turbini ya vikombe vinavyopigwa na maji) hukimbia karibu mara mbili ya kasi yake. Mikanda huruka, beringi hufa. Kinga yake ni rahisi mno: kibao cha kukengeusha maji, kimeshikiliwa na sumaku ya umeme wa gridi. Umeme ukikatika, uzito unakiangusha. Vali isifungwe kwa ghafla, bomba litapasuka.

Na mita iwe ya pande mbili. Ya upande mmoja yaweza kuhesabu umeme unaotoka kama uliotumika, mwananchi akalipishwa alichouza.

Rasimu ikiwa tayari, tupeni tuisome.

Mafundi wa mitambo midogo ya maji, Nyanda za Juu Kusini