Land Rover ya marehemu Baba: barua kutoka Birmingham

Birmingham, Uingereza

Kwa ndugu yangu Athmani,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itawakuta nyote salama, Mama, dada zetu na watoto. Huku sote wazima, alhamdulillahi.

Picha za gari nimezipata. Umeuliza liuzwe au litengenezwe, na likitengenezwa waanzie wapi. Ndugu yangu, msitie hata shilingi moja kwenye injini wala rangi kabla hamjaijua hali ya chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, na msiiguse chesisi kabla mirathi haijagawanywa.

Gari lile ni la warithi wote. Mama ana thumni yake, na dada zetu wana mafungu yao. Ukilitengeneza sasa kwa pesa zako, baadaye hapatajulikana kipi ni cha Baba na kipi ni chako, na hapo ndipo ndugu hukosana. Mtafuteni fundi asiyetaka kulinunua, alikadirie bei kama lilivyo, halitembei. Anayelitaka bei hiyo ihesabiwe katika fungu lake, au awalipe wenzake. Muipeleke kwa Kadhi hapo Malindi, kisha jina la logibuku, hati ya umiliki wa gari, lihamishwe NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani. Na huyo atakayelichukua aelewe kwamba gharama za kulirudisha barabarani huenda zikapita bei ya kuliuza. Alichukue kwa kulipenda. Mwenye kutafuta faida atalitelekeza nusu ya njia.

Likishapata mwenyewe, msikubali mtu aje na betri na chupa ya petroli kulijaribu. Lianzwe chini. Land Rover Series III, zilizotengenezwa Solihull, karibu na hapa, kuanzia 1971 hadi 1985, zina bodi ya alumini, ndiyo maana kwenye picha linaonekana zima. Lakini chesisi ni ya chuma, mabati ya kama milimita 2 yaliyounganishwa kuwa boksi. Tope la Ngomeni na mchanga wa Mambrui huingia kwa matundu, hukaa ndani na chumvi yake, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Rangi nzuri ya nje haithibitishi kitu.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi, ulale chini ya gari, ugonge kila mahali. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na bisibisi itapenya. Gonga sana boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka ubavuni kushikilia bodi na tangi, ncha mbili za mbele, sehemu ya juu ya ekseli ya nyuma ambako tope hujilundika, na viti vya springi, yaani mahali springi zinaposhikwa kwenye chesisi. Hivi vya mwisho ndivyo vya kuamulia. Kisha inua mikeka, uangalie ule ukuta wa chuma kati ya injini na dereva: sakafu za miguu, nguzo za milango, na chini ya vidirisha vya hewa. Utaona pia unga mweupe pale alumini inapogusana na chuma. Hizo metali mbili zikilowa maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Mnaporudisha bodi, tieni kizuizi cha plastiki au raba kila zinapokutana, hata chini ya vichwa vya bolti.

Ikiwa kutu iko kwenye boriti ya nyuma na mikono tu, chesisi inaponyeka. Fundi akate mpaka afikie chuma kinachong'aa, aweke kipande kizima kipya. Asibandike bati juu ya kutu, kwani chini yake kutu huendelea na mwaka wa pili utalipa tena. Akate mkono mmoja, auchomelee, ndipo ahamie mwingine, na apime pembe kwa pembe kabla na baada, la sivyo milango haitafunga. Betri na alternata zitolewe waya kwanza. Tangi la petroli litolewe kabisa hata kama ni tupu: mvuke uliobaki ndani hulipuka kuliko petroli yenyewe. Hili naomba ulisimamie wewe mwenyewe, usimwachie mtu.

Kutu ikiwa imekula viti vya springi na boriti kuu mbili za urefu, basi achaneni na viraka. Huku zinauzwa chesisi mpya zilizochovywa zinki ya moto, ndani na nje, na kwa hewa ya Malindi hiyo ndiyo dawa. Lakini nambari ya gari imepigwa kwenye chesisi, mbele upande wa kulia. Ulizeni NTSA kwanza utaratibu wa kubadilisha chesisi, mpewe kwa maandishi, ndipo tuzungumze kununua.

Breki zije kabla ya injini. Kukaa bila kutembea na hewa ya bahari vimekwisha kula silinda ndogo za magurudumuni, na kuzipiga msasa ni kuahirisha tu. Zote zibadilishwe, pamoja na mipira mitatu ya kupitisha mafuta ya breki: miwili ya mbele na mmoja wa nyuma. Gari refu, la inchi 109 kati ya ekseli, lina silinda mbili kila gurudumu la mbele na moja kila la nyuma, jumla sita. Fupi la inchi 88 kwa kawaida lina nne. Mabomba tumieni ya shaba iliyochanganywa na nikeli, yasiyoshika kutu. Wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, viatu vya breki vikazwe kwanza vikaribie ngoma. Visipokazwa, pedali itabaki laini mtoe hewa mpaka jioni.

Injini ya petroli ya sisi (cc) 2,286 ni ngumu kufa. Toeni plagi, mtie kijiko cha oili nyepesi kila silinda, mwache siku chache, halafu mzungushe kwa hendeli ya mkono. Stata isitumike, kwani ringi iliyonasa itavunjika. Mwageni oili mkaitazame: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na gasketi ya hedi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Pimeni kompresheni silinda zote nne. Moja ikiwa chini, tieni kijiko cha oili humo mpime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Nafasi ya valvu zote ni milimita 0.25, ya pointi za distribyuta 0.35 hadi 0.40, na silinda huwaka kwa zamu ya 1-3-4-2. Kabureta ikiwa ni ya aina ya Zenith, kifuniko chake cha juu hupinda na gari hukosa nguvu bila sababu inayoonekana. Weka msasa laini juu ya kioo, ukisugue mpaka kinyooke.

Oili: injini lita 6, na kama 0.85 zaidi ukibadilisha filta. Giaboksi lita 1.5, transfa (giaboksi ya pili ya kugawa nguvu mbele na nyuma) 2.5, difu 1.75 kila moja (gari refu lenye difu kubwa ya Salisbury nyuma, hiyo ni 2.5), na nusu lita kila mpira wa usukani wa mbele, ile tufe ya chuma kwenye ncha ya ekseli. Kuanzia giaboksi hadi hapo ni oili nzito ya gia, EP90. Mipira hiyo kromu yake ikiwa imebanduka kwa chumvi, oili itavuja hata mkiweka sili mpya, ibadilishwe.

Kuchomelea na rangi kufanyike wakati wa kaskazi, masika yasije yakawakuta chuma kiko wazi. Ndani ya chesisi ipulizwe nta ya kuzuia kutu. Oili chafu ya injini isitumike, kwani huharibu bushi za raba. Na gari lioshwe kwa maji ya mfereji au ya mvua. Visima vyenu vingi vina chumvi.

Viti, dashibodi na kibati cha nambari visiguswe wala visibadilishwe. Mikwaruzo ya Baba ibaki, hilo ni ombi langu mimi.

Nitumie nambari ya chesisi yote, urefu kati ya ekseli kwa pande zote mbili, na picha za kila mahali ulipogonga, mahali pazima na pabovu. Silinda, mipira ya breki na gasketi nitavinunua huku nimpe mtu anayekuja Malindi.

Nisalimie Mama, umwambie asiharakishwe na mnunuzi yeyote.

Wasalaam,
Ndugu yako