Kaka Shabani, habari ya uji

Qonce, Afrika Kusini

Kaka Shabani,

Shikamoo. Laki tatu za bati nimemtumia Mama kwenye simu yake. Mimi mzima, baridi ya huku nimeshaizoea.

Ila lile neno lako la siku ya Idi limenikaa. Mbele ya wajomba wote ulisema nimesomea uuguzi ili nije ugenini kufundisha wanawake kupika uji. Simu ilikuwa kwenye spika, nikawasikia wakicheka.

Jumapili nilikwenda Zinyoka, kijiji cha karibu na mji huu. Hapo Steve Biko, yule mpigania haki za weusi, na wenzake walifungua kituo cha afya mwaka 1975, wakakiita Zanempilo, kwa Kixhosa kiletacho afya. Enzi hizo ubaguzi ulifika mpaka wodini: weupe na hospitali yao, weusi na yao, hata gari la wagonjwa. Daktari alikuwa binti wa miaka 27, Mamphela Ramphele. Walizalisha, walitibu, kisha wakawafundisha akina mama lishe ya watoto. Uji, Kaka! Nchi ina dhahabu, na watoto wa weusi wanakufa kwa utapiamlo.

Mwaka 1977 serikali ilimhamishia daktari huyo Lenyenye, kaskazini mbali kabisa. Septemba Biko akafia mikononi mwa polisi, Oktoba mashirika yao yakapigwa marufuku. Kazi ya kitoto haifukuziwi mtu namna hiyo. Na huko Lenyenye alianzisha kituo kingine.

Tena sisi tuna deni. Bibi alimzaa Mama mikononi mwa muuguzi wa huku, mmoja wa wale ishirini waliokuja Tanganyika baada ya wauguzi Waingereza kuondoka. Umesahau alivyokuwa akisimulia?

Mwezi uliopita nimepewa kusimamia wahudumu 14 wa afya ya jamii, Waxhosa watupu, Mluguru mimi peke yangu. Wananiita "sisi", kwao ndiyo dada. Wajomba waambie na hilo.

Jioni nikiona ukungu kwenye vilima vya huku nadhani ni Uluguru, moyo unaniuma.

Mkeo alinipigia juzi kuuliza mtoto apewe nini akitimiza miezi sita. Lile neno lako sikumtajia. Nilimwambia uji mzito wa mahindi, karanga zisagwe laini, na asiache kunyonyesha. Ameandika kwenye daftari, mwombe akuonyeshe.

Nduguyo,
Mwanaidi