Jenerali Giap alipikwa gazetini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimzungumzie Vo Nguyen Giap wa Vietnam, maana watu wakimtaja wanarukia moja kwa moja Dien Bien Phu, jinsi alivyowachapa Wafaransa 1954 na baadaye kuwahenyesha Wamarekani, hawasemi kwamba huyu mzee kabla ya bunduki alishika kalamu. Alikuwa mwandishi wa magazeti pale Hanoi na mwalimu wa historia, chuo cha kijeshi hajawahi kukanyaga.

Na mimi nasema ni gazeti ndilo lililompika. Mwaka 1936 wakoloni wa Kifaransa walipolegeza kamba kidogo, yeye na wenzake wakaanzisha gazeti la Le Travail, wakalitoa kwa Kifaransa kwa sababu magazeti ya Kivietinamu yalibanwa zaidi. Kisha yeye na mwenzake Truong Chinh wakakaa chini kuandika habari za mkulima tu, nani ana shamba na nani hana, mwenye shamba anachukua kiasi gani, riba inamlaje maskini, kodi inamkuta na nini nyumbani. Sio kazi ya kukaa ofisini hiyo, lazima umjue mtu mpaka jikoni kwake.

Mwaka 1940 akakimbilia China, mke wake aliyebaki akakamatwa akafia jela, mwenyewe habari akaja kuzipata baadaye sana. Tarehe 22 Desemba 1944 akaanza na kikosi cha watu 34, watatu wao wanawake, silaha zenyewe za kuokoteza. 1948 tayari ni jenerali.

Sasa ngoja nifike Dien Bien Phu. Wafaransa walijichimbia bondeni wakiamini Giap hawezi kufikisha mizinga mikubwa kule milimani wala chakula cha askari wake, na kwa hesabu za vitabuni walikuwa sahihi. Lakini wakulima walikuja kwa maelfu na maelfu, wengine kwa mabega, wengine na baiskeli, na hapa sisi wa Newala hatuhitaji picha, ni kama vijana wanavyosukuma baiskeli yenye madumu ya maji kupanda mlima, hupandi, unasukuma tu. Wao walifunga mti kwenye usukani ili wakate kona wakiwa wanatembea pembeni, baiskeli moja inabeba kilo 200 na zaidi za mchele, usiku, njia ya matope, ndege za Wafaransa zinapiga. Mizinga ikavutwa kwa kamba na mikono ya watu. Mkubwa wa mizinga wa Wafaransa, Charles Piroth, alikuwa ameahidi kuinyamazisha, vita vilipoanza tarehe 13 Machi akaona hawezi, akajiua kwa bomu la mkono. Tarehe 7 Mei ngome ikaanguka.

Ila kitu ninachompendea zaidi ni cha Januari mwaka ule. Mizinga imeshafika, siku ya kushambulia imepangwa, askari wana hamu, Giap akaangalia taarifa upya akaona watakufa bure, akaamuru kila kitu kirudishwe nyuma wajipange upya. Yaani mizinga ile ile waliyoivuta kwa jasho irudi! Mtu aliyezoea kuhakiki habari kabla haijachapwa ndiye anaweza uamuzi wa namna hiyo.

Sisemi alikuwa malaika, maelfu ya askari wake walikufa pale na wapo wanaomlaumu mpaka leo kwamba hakuona uchungu kupoteza askari, lawama hiyo ina uzito. Lakini chama chake cha Kikomunisti kilipofanya mageuzi ya ardhi kwa ukatili na watu wasio na hatia wakauawa, Giap ndiye aliyesimama hadharani 1956 kusema tumekosea.

Ndio maana nawaandikia, mhariri. Habari za korosho mnatupa, bei ya mnada mnaitoa vizuri, lakini mkulima mwenyewe hayumo. Mtumeni mwandishi mmoja tu msimu wa mnada aje akae kijijini huku Newala au Tandahimba, aone salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ilipatikanaje, makato kwenye malipo yanasomekaje, mama mjane mwenye mikorosho michache anasubiri hela siku ngapi na wakati anasubiri watoto wanakula nini. Akitoka huku apite Nachingwea, wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO walipata mafunzo pale, na wazee waliowaona wakipita bado wapo wachache, hakuna anayewauliza. Mtu akija Newala sisi tutampokea, chumba kipo, chakula kipo, na baiskeli ya kuzungukia vijijini nitamwazima mwenyewe.

Msomaji wenu,
Newala, Mtwara