Harambee ya Maabara: Kila Mwanafunzi Apate Hadubini Yake

Wazazi, wahitimu wetu na marafiki wa chuo,

Tunawaandikia kuomba. Tumelisema mapema ili asomaye asidhani hii ni taarifa ya maendeleo. Chuo chetu kinafundisha mafundi sanifu wa maabara za tiba, wale wanaopokea damu, mkojo, choo na makohozi ya mgonjwa na kumrudishia daktari jibu. Maabara yetu ya mafunzo imezidiwa. Wanafunzi sita wanagombea hadubini moja, na mojawapo ya hizo hadubini taa yake huzimika ukiigusa vibaya.

Wapo watakaouliza: kwani hawawezi kupokezana? Wanapokezana, na hapo hasa ndipo penye tatizo. Chukueni kipimo cha malaria, ambacho mtu asiyekijua hudhani ni kuchungulia tu. Kwenye slaidi moja mwanafunzi huweka tone nene na utando mwembamba wa damu. Tone nene halitiwi methanoli (aina ya alkoholi). Likiingia kwenye rangi ya Giemsa, maji huzipasua seli nyekundu, vikabaki viini vya seli nyeupe na vimelea, kama vimo. Hilo ni la kutafutia. Utando mwembamba hutiwa methanoli kwanza ili seli zisipasuke, na huo ni wa kutambua aina, kwa sababu vimelea vya malaria vina aina kadhaa, na matibabu ya Plasmodium vivax hayaishii pale yanapoishia ya Plasmodium falciparum. Maji ya kuchanganyia rangi yawe na pH (kipimo cha asidi) ya 7.2. Yakiwa na asidi nyingi kila kitu huwa chekundu mno, na kikishazidi wekundu mwanafunzi haoni alichotumwa kukitafuta.

Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza. Tone la mafuta juu ya slaidi, lenzi ya mara 100 ishushwe taratibu mpaka iguse mafuta, na kwa ile ya jichoni ya mara 10 unapata ukuzaji wa mara 1,000. Unasogeza slaidi, unatazama eneo moja, unasogeza tena. Haturuhusu mtu aandike "hakuna vimelea" kabla hajapitia maeneo 100 ya tone nene. Anachokitafuta ni kipete chembamba cha buluu chenye nukta nyekundu, na njiani atakutana na chembe sahani (zile za kugandisha damu) na madoa ya rangi yanayofanana na ndugu huyo kwa hila. Kutofautisha hakufundishiki ubaoni. Jicho hujifunza kwa kuona nyingi, likakosea mbele ya mkufunzi, likasahihishwa, likaona nyingine. Sasa mgawieni mwanafunzi kipindi cha saa mbili na wenzake watano nyuma yake wakimwambia "maliza basi". Atahesabu maeneo mangapi?

Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliviona vimelea hivi mwaka 1880 huko Algeria katika damu ambayo haikuwa imetiwa rangi yoyote. Rangi ya Gustav Giemsa ilikuja mwaka 1904. Tangu hapo zana zimeboreka sana, na vipo vipimo vya haraka vya malaria ambavyo mtu hufundishwa na kuvimudu kwa muda mfupi. Vipimo hivyo vina kazi yake na tunavifundisha pia. Ila havikuambii mgonjwa ana vimelea vingi kiasi gani, wala kama vinapungua baada ya dawa. Kwa hilo mtu lazima akae kwenye kiti na ahesabu.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza, na kubwa kuliko yote, ni hadubini. Ziwe za macho mawili, zenye lenzi ya mafuta na taa ya LED, ambayo haina joto kali na balbu yake haichakai haraka. Tungependa pia moja yenye kamera iliyounganishwa na skrini, ili mkufunzi akipata slaidi nzuri darasa zima liione kwa pamoja.

La pili ni vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na hapa tunaomba uvumilivu wenu, maana si kitu kinachopendeza kwenye picha. Mfadhili hupenda kupigwa picha kando ya mashine. Hakuna anayetaka kupigwa picha na chupa ya anti-A, kitendanishi cha kutambua damu ya kundi A. Lakini bila chupa hiyo hakuna somo la makundi ya damu. Tangu Karl Landsteiner alipoyaeleza makundi hayo mwaka 1901, kanuni ni ile ile: unachanganya tone la damu na kitendanishi, unatazama kama seli zinashikamana vibonge. Zikishikamana kwa nguvu hata mgeni anaona. Shida ni zile zinazoshikamana kidogo, punje punje, ambazo mwanafunzi mwenye haraka huzipita na kuandika kundi O kwenye damu ya mtoaji ambayo kwa kweli ni ya kundi A. Mgonjwa wa kundi O akitiliwa damu ya kundi A, kinga zake mwenyewe huzivunja seli alizopewa, na anaweza kufa. Kwa hiyo tunataka kila mmoja afanye kipimo hicho kwa mkono wake, mara nyingi, akiwa bado yuko mahali ambapo kosa lake halimfikii mgonjwa. Muhula uliopita vitendanishi viliisha kabla ya mitihani, mkufunzi akabaki kuonyesha na darasa likabaki kutazama.

Rangi za kupimia kifua kikuu tunazo za kutosha kwa sasa. Tusichokuwa nacho ni kabati la usalama la kushughulikia makohozi. Robert Koch alitangaza kumwona mdudu wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, na mpaka leo mdudu huyo huambukiza kwa hewa. Hatufanyi zoezi hilo kwa sampuli halisi mpaka kabati lipatikane. Kwa sasa wanafunzi wanatumia slaidi zilizokwisha kuandaliwa, ambazo humwonyesha mtu vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu lakini hazimfundishi kuupaka na kuukausha utando wenyewe.

Tunaomba pia mkono wa bandia wa kujifunzia kutoa damu. Wengi hawajui kwamba jibu baya mara nyingi huanzia kwenye sindano, kabla sampuli haijafika maabara. Damu ikivutwa kwa nguvu mno au chupa ikitikiswa ovyo, seli hupasuka na potasiamu iliyomo ndani yake humwagika. Mashine hupima ilichopewa, nayo itasema potasiamu ya mgonjwa iko juu wakati mgonjwa mwenyewe hana tatizo hilo. Daktari akiamini karatasi, atamtibu mtu ugonjwa asio nao.

Kisha wapo wanafunzi wenyewe. Katika kila darasa wapo wanaofika mwaka wa pili vizuri, halafu wanakwama kwenye mafunzo kwa vitendo hospitalini, kwa sababu zamu ni za mchana na usiku, malazi ni ya kujitegemea na karo imekwisha kula kila kitu nyumbani. Hatuombi kuwalipia wote. Tunaomba mfuko wa kuwavusha wale ambao bila msaada wangeacha masomo wakiwa wamebakiza miezi. Mfuko huo huo utalipia chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa mwanafunzi asiyeweza kujilipia. Chanjo hiyo kwa kawaida ni dozi tatu, na ya mwisho huja miezi sita baada ya ya kwanza, kwa hiyo ni lazima ianze muhula wa kwanza. Hatutampeleka kijana kushika damu za watu akiwa hana kinga.

Sasa neno kuhusu michango ya vitu. Tunashukuru mno kwa moyo huo, lakini tafadhali tuulizeni kabla ya kuleta. Mashine nyingi kubwa za kupimia kemia ya damu hukubali vitendanishi vya mtengenezaji wake tu. Ikija bila mpango wa vitendanishi na fundi wa matengenezo, itafunikwa kitambaa kwenye kona na kuchukua nafasi ya meza. Vitendanishi vilivyopitwa na tarehe msituletee kabisa, hata kama ni "vya kujifunzia tu". Mwanafunzi akizoea majibu ya kitendanishi kilichokufa atajifunza kosa. Hadubini iliyotumika tunaipokea kwa furaha, mradi fundi wetu aikague kwanza. Zikiwa na ukungu ndani ya lenzi, huwa hazifai.

Fedha zitapokewa na ofisi ya mhasibu wa chuo pekee, na kila mchango, mkubwa kwa mdogo, utapewa risiti. Msimpe mwanafunzi wala mkufunzi fedha mkononi, hata kama mnamfahamu. Kamati ina wawakilishi wa wazazi, wahitimu na wakufunzi, na ununuzi wowote utahitaji saini ya kila upande. Mwisho wa kila muhula tutabandika kwenye ubao wa matangazo na kuwatumia wachangiaji wote orodha ya kilichonunuliwa, kilichobaki na kilichoharibika. Ndiyo, na kilichoharibika. Vioo huvunjika mikononi mwa wanaojifunza.

Harambee yenyewe itafanyika tarehe 15 Aprili, siku ambayo wataalamu wa maabara za tiba duniani huiadhimisha kuwa yao. Maabara itakuwa wazi kuanzia asubuhi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho watapima kundi la damu la kila atakayependa, wakisimamiwa na wakufunzi, na hotuba tumeamua ziwe fupi. Wahitimu mlioko makazini, njooni na makoti yenu, tutawahitaji mezani. Asiyeweza kufika anaweza kutuma ahadi yake kwa maandishi kwa katibu wa kamati, akitaja kama ni ya hadubini, vitendanishi au mfuko wa wanafunzi. Asipotaja, itaingia kwenye hadubini.

Wenu,
Kamati ya Harambee ya Maabara